Kompyuta ya Bi Mkubwa na Maneno ya Mtani

Jumapili, 12 Oktoba 2003

Sabra, funga daftari hili! Jana nimekuona ukilifunua kwa ncha ya kidole kama mtu anayechambua mchele. Mjukuu gani usiye na haya? Umemaliza kidato cha nne, umefundishwa mpaka habari za mawe ya mwezini, hukufundishwa kwamba cha bibi yako hakiguswi? Kama bado unasoma, nimekulaani nusu. Nusu ya pili naiweka akiba.

Haya. Sasa yangu.

Mimi Mwanasiti sikukaa shule ya watoto. Nilisoma elimu ya watu wazima, na mwalimu alisema mwandiko wangu una nguvu. Hakusema mzuri. Alisema una nguvu. Inatosha.

Leo baada ya alasiri shemeji Abdalah, mdogo wake marehemu mume wangu, alitukalisha sisi wajane wawili. Mimi bi mkubwa, na Mwamvua bi mdogo. Ugomvi wenyewe ni chumba cha mbele. Chumba kinatazama barabara. Tangu daraja la Rufiji lifunguliwe, mabasi ya kusini yanapita mlangoni usiku na mchana, na sisi tumeweka magunia ya korosho na panya. Shemeji kasema masikio yake yamechoka na sisi. Siku ya Idd Mosi, akitoka kusali, atapita. Atakayemkuta na biashara inayofanya kazi ndiye mwenye chumba. Mwingine afunge mdomo mpaka kiyama.

Mwamvua akacheka ndani ya kanga. Ana televisheni na deki ya kuchezea kanda za video huyo. Anaonyesha picha za Kihindi uani kwake, watoto wanakaa mkekani kuwalilia watu wasiowajua. Akasema yeye atahamisha tu vyombo, na bi mkubwa asihuzunike, atakuja kutazama bure, atawekewa kigoda.

Kigoda! Mimi niliyempokea katika nyumba hii akiwa hajui hata kukuna nazi!

Nikasema nitaleta kompyuta ya gemu. Sijui neno lilitoka wapi. Lilitoka. Niliiona Mbagala nilipokwenda msibani: kichumba kidogo, watoto foleni mpaka nje, ndani wanaendesha magari ambayo hayapo. Wanalipa, wanaendesha gari ambalo halipo, wanashuka wamechoka! Biashara gani inazidi hiyo?

Mwamvua akaitoa kanga mdomoni. Siku imekwisha vizuri.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda stendi kwa Sadala, fundi redio. Amekaa Kariakoo, amefungua makompyuta mengi, anayajua. Tatizo si ujuzi. Tatizo ni kwamba yeye Mngoni na mimi Mndengereko, kwa hiyo ni mtani wangu. Mtu huyo hana neno la kweli kinywani.

Sijamaliza hodi, kashaniuliza kama ndugu zangu wametoka mikokoni au bado wamejificha, maana babu zake walipowakimbiza walisahau kuwaambia vita imekwisha. Nikamwambia babu zake walitoka Afrika Kusini kwa miguu wakapotea njia, na huyu aliyebaki hapa Kibiti ni ushahidi. Tukacheka. Siku ya maziko ya marehemu mume wangu, kwa haki yake ya utani, alilizuia jeneza mlangoni mpaka tukamkomboa kwa jogoo. Kisha akavaa koti la marehemu akatembea kama yeye, bega moja juu, mpaka mimi mwenyewe mfiwa nikacheka. Sasa mtu kama huyo unachukua vipi ushauri wake?

Akasema mashine nzuri ni ya kuunganisha, unachagua kiungo kimoja kimoja. Hilo nilikubali, kwa sababu nilikuwa nalijua. Ila, akasema, viungo vipatane. Bodi ina matundu. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo, ina miguu. Miguu isipolingana na matundu haiingii hata umwite mkuu wa wilaya. Ramu, ambayo ndiyo kumbukumbu, ina pengo, na bodi ina jino, na pengo sharti likutane na jino lake. Pawa saplai usichukue nyepesi. Na prosesa ivalishwe feni, chini ya feni ipakwe dawa nyeupe nzito kama uji, la sivyo itapata homa ife.

Ubongo una miguu! Kumbukumbu ina pengo! Homa! Uji!

Akaapa. Wallahi mtani, leo sitanii. Vile vile alivyoapa siku ya jogoo.

Nimekata shauri. Kila alichosema nitakipindua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kariakoo. Pesa zote za korosho za shamba la Dimani nimezifunga kwenye kibindo. Sabra alitaka kunifuata, nikamkatalia. Atanisemea ovyo mbele ya watu.

Mwenye duka kijana, cheni shingoni, ananiita mama mkubwa. Adabu anayo. Kila kitu kwake ni bab kubwa, yaani kizuri hakina mfano. Nikachagua bodi kwa rangi, kijani kibichi kama jani la muhogo. Prosesa nikachagua nyingine kabisa, iliyokaa peke yake kabatini kama mtoto wa watu. Yule kijana akasema mama mkubwa, hivi viwili havikai pamoja, hii ni ya kampuni hii na ile ni ya kampuni ile. Nikamtazama sana. Nikajua Sadala amempigia simu. Wametengeneza maneno!

Nikamwambia mwanangu, mimi ni kungwi. Nimefunda wanawali wa Kibiti na Mtawanya tangu mama yako hajazaliwa, na nimeozesha watu ambao siku ya kwanza hawakutazamana. Wote wana wajukuu leo. Vitazoeana.

Akasema hela ni yako, mama mkubwa.

Ramu nikachukua ya zamani bila kutazama pengo, kwa sababu Sadala alisema nitazame. Pawa saplai nikazipima kwa mkono kama kuku, nikachukua iliyo nyepesi kuliko zote. Feni nilikuwa naiacha, yule kijana akaitia kwenye mfuko wangu pamoja na kakopo ka ule uji mweupe, akasema ni zawadi. Zawadi sikatai. Skrini, kasha, usukani wa kuchezea. Usukani mzuri, mweusi. Nimerudi nao mapajani basi zima, na abiria wote walijua mimi ni nani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Havizoeani.

Prosesa nimeiweka kwenye matundu, imekaa juu juu kama mgeni anayetaka kuondoka. Nimesukuma. Miguu miwili imepinda. Nimeinyoosha kwa kibanio cha nyusi. Ramu kweli ina pengo, na bodi kweli ina jino, na havitazamani. Sadala alibahatisha. Nikachukua tupa ya kunolea jembe nilichonge pengo lingine. Sabra akanipokonya tupa mkononi. Mkononi mwa bibi yake! Akasema Bibi, ukichonga hapo umeua.

Tukagombana. Mimi humwita mke mwenzangu, ndiyo desturi ya bibi na mjukuu, na leo amenijibu kama mke mwenza kweli. Kasema Sadala aliniambia kila kitu na mimi nikafanya kinyume kwa kusudi, kama mtu anayeambiwa shimo liko kushoto akahamia kushoto.

Mwamvua alikuwa anapeta mchele uani. Anapeta polepole ili asikie. Akasema, bila kumtaja mtu, kwamba deki yake ilitoka dukani ikiwa nzima, na siku ile ile ikaimba.

Nimempa Sabra vitu vyote akavibadilishe. Si kwamba nimeshindwa. Mgongo unaniuma, siwezi basi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sabra amerudi na kasha limefungwa, zito. Yule kijana amembadilishia kila kisichopatana bila kelele, akaunganisha mbele yake, akatia gemu za magari na mpira, wakaiwasha, Sabra akacheza mpaka akakaribia kukosa basi. Feni juu ya prosesa. Uji mweupe chini ya feni. Pawa nzito kama tofali. Yaani alichosema Sadala chote, neno kwa neno.

Sabra amepitia kwa Sadala akamsimulia mambo yangu yote, eti kwa nini tumehangaika. Na Sadala akacheka akasema sasa ameijua dawa ya mtani wake. Dawa gani? Mimi siumwi.

Mashine inafanya kazi. Lakini sina raha. Nimeipata bila akili yangu kutumika.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ramadhani imeingia. Nimefunga, nimesali, nimetafakari. Nimeona kosa langu na nimelirekebisha kama mtu mzima.

Sadala naye kafunga. Mtu aliyefunga hasemi uongo. Utani ni halali siku nyingine, lakini mchana wa Ramadhani mtu anachunga ulimi wake, hata Mngoni. Basi maneno yake ya Ramadhani ni ya kweli! Nilikuwa wapi siku zote?

Nikaenda stendi mchana huu huu, kabla hajafuturu. Nikamwuliza kwa upole kabisa, kuna chochote cha kurekebisha kwenye mashine yangu? Akaniangalia. Akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akanipa sura ya msikitini, akasema ndiyo, mtani. Ile feni itoe. Feni ni mzigo, inaitia prosesa uvivu. Ule uji mweupe ufute wote, usibaki hata unyoya. Prosesa inataka ikae wazi, ipate hewa ya Mungu.

Nikamshukuru. Akashtuka kidogo. Hajazoea.

Akasema anakwenda Ruaruke kwa wakwe kuvuna korosho, atarudi Idd. Nikamwombea safari njema. Akashtuka tena.

Jumapili, 9 Novemba

Feni nimeitoa, kwa bisibisi ya cherehani. Uji mweupe nimeufuta wote, ukabaki mwingi kitambaani, nikaona si vizuri kuutupa, nikapaka kisigino kilichopasuka. Umeziba.

Sabra hajui. Alikuwa kisimani. Nimefunga kasha, nimelifunika kanga mbili, nimelitia chumbani kwangu nyuma ya kitanda. Sasa kila siku ananiambia Bibi tuiwashe, tuijaribu. Hapana! Hii ni mwali. Mwali akiingia ndani hatoki ovyo watu wakamwona kila siku kama muuza maandazi. Anatolewa siku moja, kwa vigelegele, amepambwa. Nimemfunda mama yake, nimemfunda yeye, leo anataka kunifunda mimi utaratibu wa mwali.

Ile feni sikuitupa. Ni ndogo kama sahani ya kahawa. Nimeiunga kwa waya kwenye ile betri ya gari tunayowashia redio, nikaifunga kwenye mlango wa jiko la mkaa. Loo! Mkaa umewaka kabla sijameza mate. Tambi zimeiva, mihogo imeiva, uji umeiva, na mimi nimekaa naangalia. Sina haja ya kipepeo cha mkono, sina moshi machoni. Mwamvua kachungulia juu ya ua. Akauliza bi mkubwa mbona leo hupepei. Nikamwambia ashughulike na Wahindi wake.

Jambo dogo hilo, nimeliandika tu kwa sababu ukurasa ulikuwa na nafasi.

Jumanne, 25 Novemba

Mwamvua asubuhi kavaa kanzu mpya, kajipaka wanja, anadai leo Idd. Eti mwezi umeonekana kwingine, kasikia redioni. Keshahamisha deki mpaka kizingitini! Hasidi anataka kunishinda kwa mwezi!

Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni. Nikasema Kibiti ina macho yake, na jana Kibiti haikuona kitu ila mawingu. Nani aliyeuona? Ajitokeze tumwulize mwezi ulikuwa umelala upande gani. Watu wakajaa. Nusu wakasema Idd, nusu wakasema tumefunga. Shemeji Abdalah akaja, ana njaa na hasira, akasema yeye Idd yake kesho na atakayebisha akabishane na tumbo lake.

Mwamvua akafuta wanja. Nimemshinda raundi ya kwanza.

Jioni nimepamba chumba cha mbele. Mapazia, udi, kitambaa cha kufuma juu ya meza. Jenereta ni ya shemeji mwenyewe, ile anayokodisha maharusini na anayomwazima Mwamvua kwa picha zake.

Jumatano, 26 Novemba. Idd

Naandika kwa ufupi.

Walikuja wote. Watoto na nguo zao mpya na vijipesa vyao vya Idd ngumini. Shemeji amekaa mbele, kofia ya viua. Mwamvua kando ya mlango, ametulia, na kigoda amekibeba. Nikamtoa mwali. Nikaimba mwenyewe, Sabra akapiga vigelegele, nikavuta kanga ya kwanza, nikavuta kanga ya pili. Nikawasha.

Ikawaka! Picha zikaja! Rangi, magari, barabara yenye lami tupu bila shimo hata moja! Watoto wakapiga kelele mpaka jirani akafikiri moto. Shemeji akasema aanze mtu mzima ili aone kama biashara ni ya halali. Akashika usukani. Mtume! Yule mzee alikata kona kwa mwili mzima, kofia ikamwanguka, akagonga ukuta akasema samahani, akampita mtu, akampita mwingine, akawa anamtukana wa mbele kwa Kindengereko. Nikamtazama Mwamvua. Macho yake yameshuka. Chumba changu. Nilikihisi kabisa, chumba changu.

Kisha harufu. Kama maganda ya korosho yakichomwa.

Skrini ikawa nyeusi.

Shemeji bado ameshika usukani, anakata kona gizani. Akasema alikuwa anakaribia kuwa wa kwanza. Akasema mara mbili. Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Nikapiga kasha kofi, nikaliombea dua. Halikujibu.

Mwamvua akanisogezea kigoda.

Sadala akafika na kanzu yake, vumbi la Ruaruke miguuni. Akafungua kasha. Akashika kichwa. Akauliza nani katoa feni. Nikamwambia wewe. Akasema alisema hivyo makusudi! Sabra alimwambia kwamba mimi napindua kila neno lake, basi naye akalisema neno likiwa limepinduka tayari ili nikilipindua likae sawa. Angejua vipi kwamba siku hiyo ndiyo siku nimechagua kumwamini?

Hakucheka. Mara ya kwanza kumwona Mngoni hacheki. Nikamtoza jogoo hapo hapo, na ameleta.

Shemeji amempa Mwamvua chumba. Mpaka naandika hapa, Wahindi wanalia chumba cha mbele, na watoto wanalia nao.

Jumapili, 30 Novemba

Nimetafakari upya. Kosa si langu. Kosa ni la Sadala, kwamba alitania akiwa amefunga. Saumu yake ile hata Mungu haihesabu.

Lakini wiki hii watu wamenisumbua. Kisa ile feni ya jikoni. Siku ya Idd nilipika pilau la nyumba nzima peke yangu na mkaa wa konzi mbili, wanawake wakaona, na sasa hawatoki uani. Mwanajuma muuza chapati anataka jiko kama lile. Wenye magenge ya stendi, wanaopikia abiria wa mabasi, wanataka, na wanataka leo. Jana amekuja Mwamvua. Mwamvua! Amesimama mbele ya jiko mikono nyuma, akasema, Bi mkubwa, nifanyie na mimi moja, moshi unanimaliza kifua. Akasema tafadhali. Nikamwambia aende akapepee kwa deki.

Leo amekuja Sadala, na shemeji naye. Amekula, amejilamba, ameliinamia jiko mpaka feni ikataka kumla ndevu. Akasema shemeji, biashara si hii? Uza majiko haya chumba cha mbele mchana, Mwamvua aonyeshe video zake jioni, na mimi nitabandika kibao kwamba chumba ni chenu nyote. Amezungumza na Mwamvua, amekubali. Sadala yuko tayari kufuata feni Kariakoo, kwa sababu, kasema, hizo hata usipozipatanisha na kitu zinazunguka.

Nikawatimua wote. Mimi bi mkubwa nilisema kompyuta mbele ya mashahidi. Nitashuka kutoka kompyuta kwenda kwenye majiko? Niwe muuza kipepeo? Chumba nakitaka chote, na nakitaka kwa magari. Shemeji alikuwa anakaribia kuwa wa kwanza, amekiri mwenyewe. Mashine ilikuwa nzima. Ilikosa feni tu.

Kabla hajaondoka, Sadala akanishika mkono. Akaapa kwamba prosesa ile imeungua, imekwisha, haifufuki hata kwa feni kumi, na nikiiwasha tena itakufa na bodi. Machoni ana huruma kabisa. Na Ramadhani imekwisha. Utani umerudi halali.

Sabra! Najua unasoma. Kesho asubuhi, kabla hujabandika chai, ing'oe ile feni jikoni, ifunge juu ya prosesa pale pale ilipokuwa. Uji mweupe haupo, kakwangue kisigino changu nikiwa bado nimelala. Kisha nenda kwa shemeji uazime jenereta, na usimweleze sababu. Sadala amesema haitawaka. Iwashe.